Gofu na Hame: Mwendo, Mahali na Utunzi kutoka Pate hadi Kiboko

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza suala ambalo uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeligusa kwa nadra, nalo ni uhusiano uliopo baina ya kutembea mahali pa kale na kutunga. Aghalabu wahakiki wetu huyachukulia mandhari kuwa kipengele kimojawapo cha fani. Hutajwa baada ya wahusika na kabla ya matumizi ya lugha, nayo hukamilishwa kwa aya moja inayotujulisha kwamba hadithi hii ni ya mjini na ile ni ya kijijini. Sisi tutadai kwamba katika utunzi uliozaliwa na mwendo wa miguu, mahali huwa shahidi anayeulizwa, na kwamba kazi ya namna hii hupimwa kwa swali ambalo mtembezi amethubutu kuliuliza pamoja na elimu aliyokwenda nayo.

Suala hili lilitujia kwa njia ya kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita, mwanafunzi mmoja wa uzamili, mzaliwa wa Makueni, alituletea mswada wa mashairi yake. Karibu yote yalihusu Pate, Lamu na Gedi: makaburi yenye nguzo, misikiti iliyobomoka, mawimbi yapigayo mwamba. Tulipomwuliza alikuwa amekaa Lamu kwa muda gani, alijibu kwamba hajawahi kufika. Kwa nini basi asitunge kuhusu kwao? Jibu lake lilikuwa fupi: kwao hakuna kitu cha kale, kwao ni pori tu. Tulimshauri aende Kiboko, mwendo mfupi kutoka nyumbani kwa wazazi wake, atembee kutwa nzima bila daftari, kisha atunge. Alikwenda, akatunga, akatuletea shairi. Nasi tulilipa alama duni.

Kwa sehemu, basi, makala haya ni masahihisho ya masahihisho yale. Ili tufike kwenye shairi lenyewe, hatuna budi kwanza kueleza mapokeo mawili ya mwendo yaliyomo katika fasihi ya Kiswahili, kisha tuitazame Kiboko yenyewe.

Mtembezi katika gofu

Lugha yetu haina msimamo mmoja kuhusu kutembea. Methali moja hututaka tutembee tuone. Nyingine hutuonya kwamba mtembezi hula miguu yake. Tofauti iliyopo kati ya methali hizi mbili ni tofauti ya dhamiri. Anayesifiwa ni yule ambaye mwendo wake una tija, arudiye na habari au na funzo. Anayekemewa ni mzururaji. Hivyo mtunzi atembeaye anawajibika kuonyesha kwamba hakula miguu yake bure.

Hakuna aliyelitimiza sharti hili kuliko Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate katika Al-Inkishafi, utungo unaokadiriwa kuwa wa miongo ya mwanzo ya karne ya 19. Wasomaji wa jarida hili wanaujua kupitia matoleo mbalimbali, hasa lile la William Hichens la mwaka 1939 na lile la James de Vere Allen la mwaka 1977. Pate, iliyokuwa dola yenye nguvu katika karne ya 18, ilikuwa imekwisha dhoofika. Mtunzi anausemeza moyo wake. Anauonyesha nyumba za matajiri zilizokuwa na taa, watumishi na mapambo, kisha anauonyesha hali ya nyumba zile baada ya wenyewe kuondoka: vidaka vilivyowekwa vyombo vya kaure vimekuwa makao ya makinda ya ndege, na kumbi zimejaa sauti za wadudu.

Wahakiki wengi wameufafanua utungo huu kama mawaidha ya dini juu ya upitaji wa dunia, na hapana shaka kwamba ndivyo ulivyo. Lakini kuna nukta moja ambayo haijatiliwa mkazo wa kutosha. Katikati ya utungo mtunzi anaubashiria moyo kwamba huenda usisadiki. Anaposhuku hivyo haleti aya wala hadithi ya Mtume kama hoja. Anautaka moyo uondoke, uende kwenye nyumba zile, ugeuze shingo huku na huku, uite. Kitakachoitika, anasema, ni mwangwi tu. Huu ni mwendo unaotumiwa kama burhani. Moyo unaambiwa uende kwa miguu ukathibitishe, na ushahidi unaopatikana ni sauti yake wenyewe inayorudi kutoka ukutani.

Tuzingatie jinsi ushahidi huu unavyofanya kazi. Mwangwi huhitaji ukuta. Mtembezi wa Pate anaweza kuuliza wenye nyumba wako wapi kwa sababu nyumba bado zipo kiasi cha kutosha kumrudishia swali. Gofu hubeba nusu ya kazi ya mtunzi. Vidaka vyenyewe huonyesha kwamba palikuwa na vyombo. Upana wa ukumbi huonyesha kwamba palikuwa na wageni. Hata mtu asiyejua lolote kuhusu Pate, akisimama mbele ya ukuta wa matumbawe uliochongwa kwa ustadi, atafahamu kwamba kuna watu walioondoka.

Jambo hili limezidi kuwa kweli katika nyakati zetu. Gedi, mji ulioachwa katika karne ya 17, ulitangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya kihistoria mwaka 1927, ukachimbuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948, na mwaka 2024 ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mtembezi wa leo huongozwa na njia zilizofagiwa na vibao vyenye maelezo. Gofu la Pwani sasa lina wasemaji wengi. Si ajabu kwamba mwanafunzi wa Makueni aliweza kutunga juu yake bila kulitia machoni. Alichokuwa akikitunga hakikuwa Gedi. Kilikuwa mwangwi wa watunzi waliomtangulia.

Habari za safari

Mapokeo ya pili ni ya nathari, nayo hayajapewa heshima inayostahili. Tunazungumzia habari za safari: masimulizi ya watu wa Pwani waliokwenda bara na misafara katika karne ya 19. Mifano inayojulikana zaidi ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa karne ya 20, na masimulizi yaliyokusanywa na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli mwaka 1901, yakiwemo ya Selemani bin Mwenye Chande.

Msomaji anayeyaendea masimulizi haya kwa kutafuta maelezo ya uzuri wa nchi atatoka mikono mitupu. Yanachohesabu ni siku, vituo, maji, chakula, hongo na maradhi. Tuliondoka mahali fulani, tukalala mahali fulani, tukakuta maji au tusikute. Kwa muda mrefu wahakiki, na sisi tukiwemo, wameyaona masimulizi haya kuwa ni malighafi ya wanahistoria. Tumedai kwamba hayana taswira, wala hisia, wala mpangilio wa kisanaa.

Hata hivyo, tukiyasoma kwa makini tutagundua kwamba yana kanuni yake ya utunzi. Kituo hutajwa kwa sababu kimewaweka watu hai. Jina la mahali ni ahadi ya maji, na ukimya baina ya majina mawili ni kiu. Msikilizaji wa wakati ule, ambaye ama alikuwa amepita njia hizo ama alikuwa na ndugu aliyepita, hakuhitaji kuelezwa kwamba nyika ya Taru ni kali. Alipohesabu siku zilizopita bila kutajwa kisima, alisikia ukali wenyewe. Orodha ya vituo ni mbinu ya kusimulia hatari kwa watu wanaoijua hatari hiyo.

Katika njia iliyotoka Mombasa kuelekea Ukambani, Wakamba hawakuwa watazamaji wa misafara ya wengine. Wao wenyewe waliongoza biashara ya pembe za ndovu hadi Pwani. Ludwig Krapf alipofika Kitui mwaka 1849 alipokewa na Kivoi, mfanyabiashara aliyejulikana Pwani na bara. Baadaye, katika miaka ya 1890, njia iliyoitwa kwa jina la Mackinnon ilitengenezwa kutoka Pwani hadi Kibwezi. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ikapita katika nchi hiyo hiyo na kufika Kisumu mwaka 1901. Simulizi za Wakamba zinamtaja mtabiri Syokimau, aliyeona nyoka mrefu atakayetoka maji hadi maji. Hapa tena tunakuta kanuni ile ile: nchi yapimwa kwa umbali uliopo kati ya maji na maji.

Kiboko: hame lisilo na gofu

Kiboko iko katika Kaunti ya Makueni, kando ya barabara kuu ya Mombasa, kiasi cha kilomita 160 kutoka Nairobi na karibu na Makindu. Msafiri wa basi huiona kwa dakika chache: kundi la migunga mirefu yenye gome la manjano, mto mwembamba, vibanda vya matunda, malori yaliyoegeshwa. Jina lenyewe ni neno la Kiswahili lililotulia katika nchi ya Wakamba, na ni neno lenye maana mbili. Kiboko ni mnyama wa majini. Kiboko pia ni mjeledi uliotengenezwa kwa ngozi ya mnyama huyo. Mtunzi atakayepita hapa asione ila maana moja atakuwa amelisoma jina nusu.

Je, kuna nini cha kale Kiboko? Hakuna ukuta wa matumbawe wala kaburi lenye nguzo. Hapa ndipo tunapopendekeza tofauti ya istilahi ambayo Kiswahili kimetuwekea tayari. Gofu ni jengo lililobaki baada ya wenyewe kuondoka. Hame, neno lenye mzizi mmoja na kuhama, ni mahali palipohamwa, liwepo jengo au lisiwepo. Kila gofu lina hame ndani yake, lakini si kila hame lina gofu. Kiboko ni hame la aina hiyo ya pili. Gofu hujisemea, hame husemewa. Ukiita katika hame hupati hata mwangwi, kwa kuwa hakuna kitu cha kukurudishia sauti. Mtembezi asiyekwenda na elimu ataona miti na mawe, na ataliita pori.

Tuorodheshe basi, kwa uchache, yaliyohama.

Kwanza ni moto. Upande wa kusini wa Kiboko kuna vilima vya Chyulu, vilivyojengwa na volkeno. Mawe meusi yanayopatikana katika eneo hilo humfanya mgeni adhani kwamba yamekuwapo tangu kuumbwa kwa dunia. Kwa hakika, kwa hesabu ya wanajiolojia, Chyulu ni vilima vichanga, na mitiririko yake ya mwisho ya lava, ukiwemo ule uitwao Shetani, ni ya karne chache tu zilizopita. Lava ile ni changa kuliko misikiti mingi ya Pwani. Mwanafunzi wetu alikuwa ameyageuza mambo juu chini: alidhani Pwani ndiko kwenye historia na kwao ndiko kwenye umilele.

Pili ni wanyama. Kati ya Agosti 1944 na Oktoba 1946, mwindaji J. A. Hunter, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya wanyamapori ya serikali ya kikoloni, aliua vifaru 996 katika eneo la Makueni ili nchi isafishwe kwa ajili ya makazi ya Wakamba. Katika kitabu chake cha mwaka 1952 mwenyewe aliuliza kama mashamba yaliyopatikana yalistahili gharama hiyo. Baadaye alijenga nyumba ya wageni papo hapo Kiboko, kando ya chemchemi, na jina lake limebaki pale baada ya kufa kwake mwaka 1963. Pori analoliona msafiri limetengenezwa kwa bunduki, kwa hesabu na kwa tarehe zinazojulikana.

Tatu ni watu, na hapa ndipo swali linapokuwa gumu. Wakamba walihitaji ardhi ile kwa sababu walikuwa wamebanwa katika maeneo yaliyotengwa, huku ardhi nzuri ikiwa mikononi mwa walowezi. Mwaka 1938, serikali ilipowanyang'anya ng'ombe kwa kisingizio cha kuhifadhi udongo, maelfu yao waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu na kukaa huko kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo mtunzi hawezi kumlilia kifaru wa Makueni bila kukutana na mkulima aliyepewa shamba mahali pa kifaru huyo, wala hawezi kumshangilia mkulima bila kuuliza kwa nini alihitaji kuhamishiwa pale. Babu ya mwanafunzi wetu alikuwa mmoja wa wakulima hao. Jambo hili hatukulijua tulipolisahihisha shairi.

Macho ya mgeni

Kabla ya kulifikia shairi, inafaa tuyatazame mapokeo ya tatu, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo yaliyoenea zaidi katika madarasa yetu. Haya ni mapokeo ya kuisifu nchi kama picha. Tangu shule za msingi mwanafunzi hufundishwa kuandika insha juu ya mandhari ya kupendeza, ambamo jua huchomoza, ndege huimba na upepo hupuliza. Anayeandika hana miguu. Amesimama mahali pasipojulikana, kama mtazamaji wa kadi ya posta.

Hatusemi kwamba sanaa ya mwendo ya nchi nyingine haina mafunzo kwetu. Bashō wa Ujapani, katika karne ya 17, alitembea kwa miezi kwenda kaskazini na kutunga mashairi mafupi yaliyochanganywa na nathari, akitafuta mahali palipotajwa na watunzi wa kale na mara nyingine kukuta hapana kilichobaki. Huyu alilijua hame. Mwaka 1967 Mwingereza Richard Long alitembea huku na huko kwenye uwanja wa majani hadi nyayo zake zikaacha mstari, akaupiga picha, na picha hiyo ikapokewa kuwa kazi ya sanaa. Wazo lake ni zuri kwa urahisi wake: miguu yaweza kuwa kalamu.

Lakini wazo hili likiletwa Kiboko linabadilika. Mstari wa Long ulichorwa na mtu mmoja aliyechagua kutembea. Njia zilizopita Ukambani zilichorwa na watu wengi, na wengi wao hawakuchagua. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waafrika wa Kenya walichukuliwa kwa malaki kuwa wapagazi wa jeshi, na makumi ya maelfu walikufa. Mitaa ya Kariokor mjini Nairobi na Kariakoo mjini Dar es Salaam imebaki na jina la kikosi hicho. Zipo habari zinazokubalika sana kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu, anayehesabiwa kuwa mwasisi wa uchongaji wa kisasa wa vinyago vya Kikamba, alijifunza sanaa hiyo Tanganyika wakati wa vita hivyo. Ukambani, basi, ina sanaa mashuhuri iliyozaliwa na mwendo. Hata hivyo, sanaa hiyo haichori njia wala nchi. Huchonga twiga na mashujaa kwa ajili ya mnunuzi ambaye hakutembea. Haya tunayataja kuonyesha kwamba kimya kuhusu njia kina historia yake. Aliyetembezwa kwa kiboko hana hamu ya kuusifu mwendo.

Shairi la vituo

Sasa tulifikie shairi. Mwanafunzi alitumia umbo la utenzi: mishororo minne, mizani minane, mishororo mitatu ya kwanza ikishirikiana kina, na kina cha bahari katika mshororo wa mwisho wa kila ubeti. Beti ni 22. Shairi linaanzia Chyulu mvua inaponyesha. Maji yanazama katika mawe meusi, yanapotea, kisha yanafuatwa kituo kwa kituo: yanatokea Kiboko, Makindu, Kibwezi, yanatokea pia upande wa pili wa vilima, katika chemchemi za Mzima. Kutoka Mzima yanaingia katika bomba lililojengwa katika miaka ya 1950 na kwenda hadi Mombasa. Ubeti wa mwisho unamwonyesha mwanamke wa Mombasa akikinga ndoo mferejini, bila kujua maji yalikotoka.

Masahihisho yetu yalikuwa na hoja tatu. Ya kwanza ilikuwa kwamba orodha ya mahali haiwi shairi. Ya pili ilikuwa kwamba kina cha bahari alichokichagua, -ni, ni kina rahisi kuliko vyote, kwa kuwa nomino yoyote huweza kutiwa kiambishi hicho. Ya tatu ilikuwa kwamba hisia za mtunzi hazikuonekana popote. Tunaziondoa mbili za kwanza na kuirekebisha ya tatu.

Ama kuhusu orodha, ni dhahiri sasa kwamba mwanafunzi, bila kufundishwa na yeyote kati yetu, alikuwa ameirudia kanuni ya habari za safari. Vituo vyake ni vituo vya maji, na ndivyo vituo vile vile vilivyowaweka hai wasafiri wa karne ya 19. Alichofanya ni kuugeuza mwelekeo. Katika masimulizi ya kale mtu wa Pwani huja bara na kuyahesabu maji ya wenyeji. Katika shairi hili maji ya bara hutembea kwenda Pwani na kumnywesha mjukuu wa msafiri yule. Anayehesabu vituo ni mwenyeji. Mapinduzi haya ya mtazamo tuliyasoma kama upungufu wa ufundi.

Kuhusu kina, hoja yetu ilikuwa sahihi kwa kanuni lakini potofu kwa shairi hili. Katika Al-Inkishafi kila ubeti huishia kwa -ye, na sikio likishazoea hungoja kina hicho kama hatua ya mtu anayerudi pale pale. Katika shairi la Kiboko kila ubeti huishia kwa kiambishi cha mahali: mwambani, mizizini, njiani, bombani, mferejini. Hivyo hakuna ubeti unaofungwa kabla ya msomaji kufikishwa mahali. Urahisi wa kina umekuwa maana yake. Mjadala wa vina na mizani uliofuata kuchapishwa kwa Kichomi cha Euphrase Kezilahabi mwaka 1974 ulitufundisha kuuliza kama vina ni lazima. Haukutufundisha vya kutosha kuuliza, mahali vinapotumika, vinafanya kazi gani.

Hoja ya tatu inabaki, ila kwa sura nyingine. Si kweli kwamba shairi halina hisia. Udhaifu wake ni kwamba maji yake hayana hatia. Yanapita Makueni kana kwamba hakuna kilichowahi kuuawa kando yake. Ubeti wa 14, unaotaja Kiboko, unasifu kivuli cha migunga na kupita. Tulipozungumza naye baadaye, mwanafunzi alitueleza kwamba siku ile ya matembezi alikaa kwa muda mrefu kwenye chemchemi, akamkumbuka babu yake aliyekuwa akisimulia jinsi walivyoonyeshwa mashamba yaliyokuwa bado na mifupa. Kwa nini hakuliweka hilo? Alidhani si jambo la ushairi. Aidha, mchezo wa maneno wa Mzima na uzima anaoutumia katika beti za mwisho ni mwepesi mno; unafunga kwa faraja swali ambalo shairi lilikuwa halijaliuliza.

Hata hivyo, ni nani aliyemfundisha kwamba mifupa ya Makueni si jambo la ushairi na vidaka vya Pate ni jambo la ushairi? Silabasi ni yetu. Uteuzi wa diwani ni wetu. Mwongozo wa uhakiki unaomtaka aeleze mandhari kwa aya moja tumeuandika sisi.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba fasihi ya Kiswahili ina mapokeo mawili ya mwendo yanayoweza kumfaa mtunzi wa leo. Al-Inkishafi inamfundisha kwamba kutembea mahali pa kale ni kwenda kuuliza, na kwamba anayeulizwa mwishowe ni mtembezi mwenyewe. Habari za safari zinamfundisha kwamba jina la mahali, likitajwa kwa mpango wake, laweza kubeba uhai na kifo bila pambo. Mapokeo ya kwanza yalitungwa penye gofu, ambako ukuta ulisaidia. Penye hame mtunzi anahitaji yote mawili kwa pamoja: swali la Sayyid Abdalla na hesabu ya mpagazi.

Kutokana na haya tunatoa mapendekezo mawili kwa walimu wenzetu. Kwanza, masimulizi ya safari yafundishwe katika kozi za fasihi kama kazi za sanaa zenye kanuni zake, sambamba na tendi. Pili, neno pori lisikubaliwe katika uhakiki bila kuulizwa. Watu wa Pwani waliiita nchi iliyo nyuma yao nyika na wakaaji wake Wanyika, jina ambalo Wamijikenda wamelikataa. Pori nalo ni jina ambalo mtu huipa nchi asiyoijua. Na inapotokea kwamba anayelitamka ni mzaliwa wa nchi hiyo, basi shule imefanya kazi mbaya.

Mwanafunzi analiandika upya shairi lake. Ametuambia kwamba ubeti wa 14 umekuwa beti tisa, na kwamba bado hajui namna ya kumtaja babu yake na vifaru katika ubeti mmoja bila kumdhulumu mmojawapo. Alama ya awali tumeiomba idara iibadilishe.